Ndege ya Baba Iliyooshwa Mtoni

Ndege ya baba ilikuwa na mkia mwekundu, na chini ya bawa lake la kushoto kulining'inia kitu cha mviringo ambacho hatukuwahi kujua ni nini. Baba alisema ni tangi la mafuta. Mimi nilisema ni bomu. Tulikipata kwa pointi tulizozikusanya kwa jasho, tukakifunga, na tangu siku hiyo ndege ikawa nzito kidogo ikipinda kushoto, lakini kitu chenyewe hakikuwahi kudondoka, kulipuka wala kuisha. Mpaka leo, na umri huu, nikiona picha ya ndege ya kivita gazetini huwa natazama kwanza chini ya bawa. Wanaojifanya wanajua mambo ya ndege nimewauliza, na majibu yao hayafanani.

Ilikuwa ndege ya kwenye gemu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu huninunia nikifika katikati ya habari hii, wakidhani baba yangu alikuwa rubani. Haikuwahi kuwapo popote zaidi ya kwenye kioo cha televisheni yetu, chumba cha mbele, Morogoro mjini, na ndani ya kidude bapa cheusi, kidogo kuliko kiberiti, tulichokiita memori. Bila memori ulianza upya kila siku na ndege ya kijivu isiyo na kitu. Ukiichomeka, ndege yetu ilitokea na mkia wake mwekundu kana kwamba ilikuwa imelala mahali ikitungoja. Mahali gani, sijui. Baadaye wazee wa ukoo wa baba waliniuliza swali hilo hilo, nami nikababaika.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Miaka ile ya ubinafsishaji waliambiwa atakuja mwekezaji na mitambo itaboreshwa. Neno hilo, kuboresha, lilihamia nyumbani kwetu likawa linakula nasi. Mitambo ikiboreshwa tutaweka bati jipya. Mitambo ikiboreshwa utasoma shule ya bweni. Kisha mwekezaji akaja kweli, akatembea kati ya mitambo pamoja na watu wenye tai, na haukupita muda mitambo ikapakiwa kwenye malori kama vyuma chakavu, na baba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake.

Nilichanganyikiwa mno wakati ule. Mji ulikuwa umejaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona: redio za kila umbo, mashati ya mitumba yenye majina ya watu kifuani, biskuti za nchi ambazo hazikuwa kwenye ramani yetu ya darasani. Na katikati ya wingi huo baba zetu walikuwa wanakaa nyumbani mchana. Niliuliza darasani inakuwaje vitu vinaongezeka na kazi zinapungua. Mwalimu akaniambia hilo ni somo la wakubwa, nikae.

Wenzake baba walichukua kiinua mgongo wakanunua cherehani, au mashine ya kusaga, au wakaenda Gairo kununua mahindi na karanga za kuuza. Baba alikwenda Dar es Salaam akarudi na televisheni ya rangi, mashine ya gemu iliyokwisha tumika, pedi mbili za kuchezea na sidii moja. Mama, ambaye ni Mgogo wa huko huko upande wa Gairo, na ambaye hapotezi maneno, aliizunguka ile mashine mara moja, akauliza, "Hii inasaga nini?"

Ilisaga watoto wa mtaa mzima. Chumba cha mbele kikawa banda la gemu, na kuanzia shule zinapofungwa jioni hapakuwa na pa kuweka mguu. Lilikuwa gemu la vita vya magari ya jeshi. Unachagua unachotaka kuendesha, kifaru, gari la deraya, helikopta au ndege, unaingia vitani, na ukishinda unapewa pointi za kuboreshea chombo chako. Wateja wote walikimbilia kifaru, maana kifaru ukikikalia hata hujui unafanya nini kinakuvumilia. Ndege haikuvumilia mtu. Ilianza ikiwa dhaifu, inapinda polepole kama trekta, na mbele yake palikuwa na mlima. Wengi walijibamiza kwenye mlima kabla hawajamwona adui.

Baba akaichukua ndege ile ile ambayo watu waliikataa. Banda likiwa halina wateja, hasa asubuhi za Jumamosi, aliniita tukae pamoja kwenye benchi. Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo aliniita mama. "Mama, hebu njoo usome hapa." Ila hapakuwa na cha kusoma. Sidii ilikuwa ya kunakiliwa na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, au Kichina, hatukujua. Tuliendesha vita vizima kwa kubahatisha. Kwenye ukurasa wa gereji paliorodheshwa vipuri kwa michoro midogo, na baba alivitazama akiwa amekunja uso, akinieleza kwamba hiki lazima ni injini, hiki ni feni, hiki ni cha kupozea. Nusu ya wakati alikosea. Kuna kipuri tulikifunga kwa furaha kubwa, ndege ikapoteza mwendo. Tukakifungua, haikurudi ilivyokuwa. Tukakifunga tena kwa hasira, ikakimbia.

"Sasa hiyo ni nini?" nikauliza.

"Mama, usiulize kitu kinachofanya kazi," akasema.

Nilimuuliza pia tunapigana na nani, kwa sababu ndege za maadui zilifanana na yetu kabla hatujaipaka rangi. Akasema hata yeye hajui, ila wao ndio wanaoanza. Nikamuuliza kwa nini haachi ndege akaendesha kifaru kama wateja. Akasema kule kiwandani walimwambia miaka yote kwamba mitambo itaboreshwa, wala hakuona hata skrubu mpya. "Hapa nikisema nafunga injini, injini inafungwa."

Ndivyo mkia ukawa mwekundu, mabawa yakawa mapana, makombora yakawa manne badala ya mawili. Baba akicheza, mwili wake wote ulishiriki. Ndege ikipinda kulia, na baba alilalia kulia mpaka bega lake linanigusa. Ikipinda kushoto, alining'inia nje ya benchi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuruka chini chini karibu na mlima, akisema unafanana na wa kwao, ukiupita ule utaona migomba. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. "Baba, vuta juu! Baba, vuta juu!" Hakujua kamwe kibonyezo cha kuvuta juu kwa haraka, akiwa na haraka alivisahau vyote. "Kipi, mama?" Nami nilimwonyesha kwa kidole, na ndege ikapita juu ya kilele kwa nafasi ndogo sana. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, naisema hivyo hivyo bila haya.

Kwa kuwa wateja walikuwa wakorofi, jioni baba alichomoa memori akaiweka mfuko wa shati, mtu asije akaicheza ndege yetu akatumaliza. Mfukoni mwa shati ndimo ilimokuwa alipopelekwa hospitali na homa ambayo kila mtu alisema ni malaria. Haikuwa malaria, au ilikuwa malaria na kitu kingine. Hilo nalo sikuelezwa nikaelewa. Nilichoelewa ni shati. Lilirudi nyumbani limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na baba hakurudi.

Kwao ni Matombo, lakini mvua ilikuwa imeila barabara ya huko, kwa hiyo alizikwa mjini. Ndugu zake waliteremka kwa miguu sehemu fulani na kwa lori sehemu nyingine. Shangazi, dada yake mkubwa, aliingia na matope hadi magotini, na nyuma yake mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kama kumi na saba, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Kijana huyo nilikuwa nimemwona labda mara mbili maishani. Alisimama mlangoni na mkungu wake, hajui aushushe wapi, na hakuna aliyemwambia.

Televisheni ilikuwa imesukumwa kwenye kona na kufunikwa kitenge, watu wamekaa kwenye mikeka. Ndipo akaja mtani. Alikuwa Mnyamwezi aliyefanya kazi na baba kiwandani, na kwa Waluguru, kabila la baba, Mnyamwezi msibani hakatazwi kitu. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi ya baba, sijui aliitoa wapi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akavuta kile kitenge.

"Mmemfunika mwenzenu wa nini?" akasema. "Huyu hajafa. Yuko hewani, amekosa pa kutua."

Akaketi kwenye benchi mbele ya kioo kilichozimwa, akaokota pedi. Akamcheza baba. Akalala kulia mpaka akamwegemea mama mmoja wa mtaani, akaning'inia kushoto, ulimi nje, macho yamemtoka, miguu inakanyaga breki zisizokuwapo. Alikuwa baba kabisa. Watu walivunjika mbavu, na mama yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa hata sauti, alicheka kisha kicheko kikageuka kilio katikati, wala sikuweza kuona mahali kilipogeukia. Mimi sikujua nifanye lipi. Nilitaka kumpiga yule mtani na nilitaka asiache. Kijana wa shangazi bado alikuwa mlangoni, mkungu kichwani, anatazama bila kupepesa.

Baada ya maziko, shangazi alikusanya nguo zote za baba kwenda kuzifua mtoni. Ndiyo desturi yao. Kitu cha marehemu hakigawiwi wala hakirithiwi kabla hakijapita majini. Nilimfuata, nikakaa juu ya jiwe. Maji ya mto wetu yanatoka mlimani na ni ya baridi hata jua likiwaka. Alifua kwa sabuni ya mche, akipiga nguo kwenye jiwe, mpaka akafika kwenye lile shati, akasikia kitu kigumu. Akaingiza vidole mfukoni akatoa memori.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

Katika vurugu zote zile nilikuwa nimesahau kuitafuta. "Ndege ya baba imo humo," nikasema.

Mtu mwingine angecheka. Shangazi hakucheka. Alinitazama, akaitazama memori, akauliza kama ndege hiyo baba aliinunua au aliitengeneza. Nikasema aliitengeneza, tuliitengeneza. Akauliza kama alikuwa nayo siku anafariki. Nikasema ilikuwa mfukoni mwake.

"Basi ni chake," akasema, na akaichovya majini.

"Shangazi, itaharibika!"

"Kitaharibika kisipooshwa. Unataka mrithi apokee kitu chenye ugonjwa wa marehemu?"

Akaipaka sabuni. Aliiosha taratibu, kwa kidole gumba, akipitisha ukucha kwenye kila kijishimo, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Mimi nilisimama na mikono kichwani. Umeme na maji haviendi pamoja, hilo kila mtoto wa fundi analijua, lakini nilipotaka kumweleza nikakuta sijui namwelezea nini. Humo ndani hamkuwa na umeme. Mlikuwa na ndege, nayo pia haikuwamo. Alipomaliza aliisuuza mara ya mwisho, akaikung'uta, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Nikanyoosha mkono. Akaushika kwa upole, akaurudisha.

"Itakwenda kwa mwenyewe," akasema.

Kama ilikuwa bado hai, sikujua. Kama ilikuwa yangu, nilikuwa sijawahi kujiuliza, na sasa nilijiuliza kutwa kucha. Shangazi alirudi Matombo na pindo lake. Nyumbani mashine ilibaki kwenye kona chini ya kitenge, na mama akakataza isiguswe mpaka arobaini ipite. Watoto wa mtaa walikuja kuchungulia dirishani, nikawafukuza kwa ufagio.

Nikamuuliza mama. Alikuwa anachambua mchicha.

"Mama, vitu vya baba ni vya nani?"

"Kwa baba yako, ni vya mpwa wake. Mtoto wa dada ndiye wa ukoo. Nyie ni wa ukoo wa mama."

"Wa ukoo wako, basi."

"Kwetu Ugogo mtoto ni wa baba yake. Na mali anachukua mtoto wa kiume, nami wa kiume sina."

Nilijaribu kulipanga hilo kichwani. Kwa kina baba mimi ni wa kina mama, kwa kina mama mimi ni wa kina baba, na kila nikibisha hodi upande mmoja naelekezwa upande wa pili. "Sasa mimi ni wa wapi?"

"Wewe ni wa kuniletea maji ya kuoshea mchicha," akasema mama. Lakini aliponipa ndoo alinishika shavu kidogo.

Arobaini ilifanyika Matombo. Tulipanda, barabara ikiwa imekauka kiasi, mpaka kwenye nyumba ya shangazi, kati ya migomba na mikarafuu, ukungu unaingia hadi mezani. Ndani ya chumba kilichojaa moshi wa jikoni walikaa watu wa ukoo, na mjomba wa baba, mzee mwenye kikohozi kirefu, ndiye aliyeongoza. Kijana yule wa shangazi alikalishwa kwenye mkeka. Akavishwa shati la baba, lile lile, likampwaya mabegani. Akakabidhiwa panga la baba na spana zake. Akaitwa kwa jina la baba yangu, kwa sauti, mbele ya wote, na wote wakaitikia. Kwamba tangu sasa yeye ndiye. Tukaambiwa sisi watoto wa marehemu, yaani mimi peke yangu, kwamba baba yetu huyu hapa.

Nilimtazama. Alikuwa na chunusi kwenye paji la uso. Alikuwa anatazama mkeka.

Kisha shangazi akafungua pindo la kanga, akaweka memori juu ya spana. "Na ndege," akasema.

Mzee akaiokota, akaigeuzageuza karibu na macho, akaniita nisogee.

"Ndege inakaa humu?"

"Ndiyo, babu."

"Inaonekana saa ngapi?"

"Ukiichomeka kwenye mashine."

"Isipochomekwa ipo au haipo?"

"Ipo," nikasema, ingawa moyoni sikuwa na hakika.

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu."

Akakohoa kwa muda mrefu, tukangoja. "Basi ni kama shamba lililolala," akasema, akawageukia wengine, wakakubali kwa vichwa. Naona nao walifurahi kupata pa kuishika. "Shamba ni la ukoo. Analishika mrithi."

Nilikuwa mtoto wa kike, mbele ya wazee, na adabu ninayo. Lakini nina hasira za mama. "Babu, ile ndege niliitengeneza mimi na yeye. Mkia mwekundu nilichagua mimi."

"Na shamba ulilolima na baba yako, unaondoka nalo?" Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu anayeeleza njia. "Mtoto hafukuzwi kwenye shamba la baba yake. Anamwendea mrithi, anamwita baba, anaomba. Akiomba anapewa, analima maisha yake yote. Ukitaka ndege, mwombe baba yako."

Wote wakamtazama kijana. Kijana akanitazama mara ya kwanza tangu tufike, kwa macho ya mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Nilijua ni neno moja tu lililokuwa linatakiwa. Sikuwahi kumwita mtu mwingine hivyo, na kilichonitisha ni kwamba nikimwita huyu, yule wa kweli atakuwa ametoka. Nikageuka nikatoka nje. Memori ikabaki Matombo.

Siku zilipita, mama akaondoa kitenge, maana nyumba ilihitaji kula. Banda likafunguka. Wateja walirudi na vifaru vyao. Mimi nilikaa mlangoni kukusanya hela nikiwa nimewapa mgongo.

Kisha kijana akaja, na mkungu mwingine wa ndizi. Alikuwa amevaa lile shati. Alikuja kwa sababu mrithi anapaswa kutazama watoto wa marehemu wanaendeleaje, na sidhani kama alijua kazi hiyo inafanywaje. Alimwamkia mama, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia marahaba, kisha akaziba mdomo kwa kanga akacheka, kwa sababu kwa hesabu za ukoo wao alikuwa ameamkiwa na mume wake. Kijana naye akagundua, akaona haya mpaka masikio. Mimi nilisema "Karibu" tu. Mama alinikata jicho.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, banda halina mtu. Alisimama mbele ya televisheni muda mrefu. Hatimaye akatoa memori kwenye mfuko wa shati. Hakuniuliza inachomekwa wapi, wala sikumwambia, ila alilikuta tundu mwenyewe, maana ni moja tu. Akawasha. Akaketi pembeni kabisa ya benchi, akaacha katikati wazi. Pale alipokuwa anakaa baba hakupakalia.

Kioo kilileta ukurasa ambao sikuwahi kuuona. Maandishi yale yale yasiyosomeka, mstari mmoja mrefu, na chini yake maneno mawili ya kuchagua, moja juu na moja chini. Mara nyingi nimejiuliza maneno yale yalisema nini. Labda yaliuliza, nifute vyote? Labda yaliuliza, nianze? Kidole chake kilikuwa juu ya kibonyezo. Nikaruka kutoka mlangoni nikafunika pedi kwa viganja vyangu vyote viwili, nikatikisa kichwa.

Hakubishana. Akachomoa memori, akaipuliza, akaisugua kwenye shati la baba, upande huu na upande ule, akaichomeka tena. Ndivyo baba alivyokuwa anafanya kila kitu kikigoma. Lakini huenda ndivyo kila mtu anavyofanya, sijui.

Kioo kikawa cheusi. Kisha gereji ikafunguka, na ndege ilikuwapo. Mkia mwekundu, mabawa mapana, kitu cha mviringo chini ya bawa la kushoto. Ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ya mche, imepanda Matombo, imelala mlimani, na haikuwa imepungukiwa chochote. Nililia wazi wazi. Yeye alisema, taratibu, "Kumbe ilikuwamo kweli," na nikajua kwamba siku zote zile alikuwa amebeba na kutunza kitu asichokiamini.

Akaingia nayo vitani. Hakujua lolote. Ndege ilipaa ikiyumba, maadui wakaanza kupiga kama kawaida yao, naye akashika pedi kama anashika kuku. Kisha ndege ikapinda kulia, na mwili wake ukalala kulia. Ikapinda kushoto, akaning'inia nje ya benchi, ulimi pembeni ya mdomo. Baba hakuwahi kucheza mbele yake. Aliyekuwa amecheza mbele yake ni mtani, msibani, mbele ya kioo kilichozimwa, na kijana huyu akiwa mlangoni na mkungu kichwani. Inawezekana alidhani ndivyo gemu linavyochezwa. Inawezekana alifikiri ndiyo sehemu ya kazi aliyokabidhiwa. Sikuwahi kumuuliza, na hata sasa tukikutana, yeye na watoto wake, huwa nasahau kuuliza.

Mlima ukaja. Alikuwa anaruka chini, chini mno, na kilele kikajaa kioo kizima, na mimi nikawa nimeshakaa katikati ya benchi bila kujua nimefikaje.

"Baba, vuta juu!"

Lilitoka lenyewe. Sikuliomba, wala sijui nilikuwa namwita nani kati yao wawili.

"Kipi, mama?" akauliza, macho hayakutoka kwenye kioo. Nami ninalo jina la bibi yake, hakuwa na jingine la kuniita.

Nikamwonyesha kwa kidole.